Wawili wa Jina Moja Chini ya Paa Moja

Juzi nilipeleka koti langu kwa fundi likabadilishwe bitana, na nilipoinama kwenye kaunta yake alikuwa akipitisha pasi ya moto juu ya kitambaa cha sufu kilicholowa. Mvuke ukanipiga puani. Fundi akaniuliza, "Dada, uko sawa?" maana nilikuwa nimeishika kaunta kwa mikono miwili. Nikamwambia niko sawa, aendelee na kazi. Harufu ile ilikuwa imenirudisha kwenye duka la Papa, baba yangu, Kensington ya Johannesburg, mwaka ule nilipomzuia babu yangu asiingie ndani ya nyumba yetu.

Naomba nieleweke. Babu nilimpenda, ingawa kabla ya siku ile nilimjua kwa sauti tu, ile iliyotoka kwenye simu ya Mama kila Jumapili baada ya misa. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilikuwa mbishi. Mama alipenda kuwaambia wageni kwamba ubishi wangu ulianzia tumboni: siku ya kuzaliwa ilifika, ikapita, nami nimekaa tu. Wageni walicheka, na mimi nilijiona nimesifiwa.

Papa alikuwa fundi cherehani, mtu wa Lubumbashi. Duka lilitazama barabara kuu, na sisi tuliishi katika vyumba viwili vya nyuma. Mlango wa kuingilia ulikuwa mmoja, wa duka, na bati lililofunika cherehani za Papa ndilo lililofunika vitanda vyetu. Nyinyi mliolelewa hapa na wazazi waliotoka mbali mnayajua maisha yale. Kiswahili tulikisikia tangu alfajiri hadi tunalala, lakini tulijibu kwa Kiingereza, na mzazi akilalamika tunapandisha mabega. Mama alisema amezaa Waingereza weusi.

Kwetu jina halitolewi ovyo. Mtoto hupewa jina la mtu, na akishapewa, anahesabiwa kuwa ni mtu yule. Mimi nilipewa jina la mama mzazi wa babu, mwanamke aliyezikwa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo babu, baba yake Mama, tuliyemwita Nkambo kama wanavyoita watu wa Lubumbashi, aliponipigia simu hakuniita mjukuu. Aliniita Mama. "Mama, ulilala muzuri? Mama, usinisahau mu sala." Alisema kwa adabu kabisa, mtu mzima yule, na mimi nikiwa na peremende mdomoni nilimjibu kwamba sitamsahau. Sikuona ajabu yoyote. Mtoto huzoea lolote analolikuta nyumbani kwao.

Halafu Mama akajifungua mtoto wa kiume, na vita vikaanza.

Nkambo aliitwa Stanislas. Alizaliwa siku ya mtakatifu wa jina hilo, na Padri mzungu wa misheni alifungua kalenda iliyoning'inia ukutani, akasoma jina la siku ile, akammwagia maji, basi. Baba yake, mfanyakazi wa mgodi wa shaba, alikufa bila kuweza kulitamka sawasawa. Hakuna mtu katika ukoo aliyejua lina maana gani wala lilitoka nchi gani. Lilikuwa la Nkambo, na hilo lilitosha.

"Papa yangu alizaa banamuke tupu," Mama alisema, mtoto akiwa kifuani. "Nani atabeba jina yake? Huyu njo Stanislas."

Papa aliweka mkasi chini. Siku zile maduka ya wageni yalikuwa yakivunjwa, na rafiki yake mmoja mwenye spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto alikuwa amekuja kwetu na nguo alizovaa tu. "Sikia, Mama watoto. Mutoto atapita mu njia, batamwita Stanislas, kila mutu anageuka: huyu anatoka wapi? Tumupe jina ya hapa. Sipho. Thabo. Jina ya kumuficha."

"Mi sikuzaa mutoto wa kuficha."

"Jina ni nguo. Unavaa ile ya mahali uko."

"Nguo unavua," Mama akasema. "Jina utavua wapi?"

Papa akaokota mkasi. Nilijua ameshindwa, kwa sababu alianza kupiga mluzi, na Papa alipiga mluzi akishindwa. Mtoto akawa Stanislas, na kuanzia siku ile Mama akamwita Papa. "Papa analia, Papa amejikojolea." Papa wa cherehani aligeuka mara nyingi bure kabla hajazoea.

Alikuwapo mteja mmoja mzee, mzungu mrefu mwenye nyusi nene, aliyekuja Afrika Kusini akiwa kijana. Miaka yote Papa alimwita Bwana Stan, na hivyo ndivyo alivyoandika kwenye karatasi alizobandika kwenye suruali zake. Asubuhi moja ya kuanza kwa baridi alileta koti zito la sufu, akakaa kwenye kiti akisubiri Papa alinyooshe bega. Mama akapita na mtoto. Mzee akauliza anaitwa nani, kwa adabu tu, kama watu wanavyouliza.

"Stanislas," Mama akasema.

Mzee akasimama. Akajigonga kifua. "Mimi pia!"

Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile kwa sababu ya jina. Alimchukua mtoto mikononi, akatuambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba jina hilo ni la kwao, Poland, na la majirani zao wote wanaosema lugha za ukoo mmoja. Ni la zamani kuliko ubatizo. Wazee wao walikuwa wakichukua maneno mawili na kuyaunga yawe dua ya mtoto, na katika jina hili neno moja ni la kusimama, la kuwa, na jingine ni la sifa. Mzazi akimwita mwanawe Stanisław anamwambia: simama, uwe na sifa. Baadaye akatokea askofu wa jina hilo aliyeuawa na mfalme wake, akatangazwa mtakatifu, na mapadri wakaliingiza jina kwenye kalenda zao. Kalenda ndiyo iliyolifikisha Katanga.

"Unasikia?" Mama akamgeukia Papa. "Kusimama!" Papa akaendelea kupiga pasi.

Mzee alikuwa amefunguka. Mama yake alimwita Stasiu, akasema, na marehemu mkewe alimwita Staszek. Kiwandani Waingereza walimkata akabaki Stan. Stanisław kamili alilisikia kanisani tu, na siku mama yake alipokuwa na hasira. Kwao siku ya jina ina heshima kuliko siku ya kuzaliwa. Watu huja bila kualikwa, na ukiwa umeoka keki ndogo, aibu ni yako. Kisha, aliposikia kwamba mtoto amepewa jina la babu yake, akauliza kama mwenye jina yuko hai bado.

"Yuko hai," Mama akasema, "na mwezi kesho anakuja. Miguu yake imevimba, tunataka daktari wa huku amwone. Atakaa na sisi hapa."

Mzee akacheka. "Bibi yangu angekataa! Bibi alitoka mpakani, mashariki kabisa. Alisema wawili wa jina moja wasilale chini ya paa moja. Mmoja atamsukuma mwenzake nje."

Wote wakacheka. Papa akashusha pasi juu ya bega la koti lililolowa, mvuke ukapanda, ule ule ulionipiga juzi. Mimi sikucheka. Nikamuuliza mzee, "Nje wapi?"

Alikuwa bado anatabasamu. Akainua kidole gumba, akaonyesha juu.

Nilielewa vizuri sana, au nilifikiri hivyo. Jina lilikuwa la kwao, kwa hiyo masharti yake wao ndio wanaoyajua. Ukinunua jiko kwa mtu, yeye ndiye wa kukuambia namna linavyolipuka. Na kila nilipochunguza nilikuta ushahidi. Mimi mwenyewe nilipewa jina la mtu aliyekwisha kufa, nikakuta kiti kitupu, sikumsukuma yeyote. Nkambo alikuwa bado amekikalia chake.

Jumamosi Papa alinichukua kwenda Newtown kununua zipu na vifungo. Muuzaji alikuwa Mtanzania mcheshi, na sasa masikio yangu yalikuwa yamefunguka: watu walimwita Stanslaus.

"Shikamoo, anko," nikamwambia, maana yeye ndiye aliyenifundisha salamu ile.

"Marahaba! Leo binti kaongea Kiswahili, mvua itanyesha."

Nikamuuliza jina lake alipewa na nani. Akasema la babu, mzaa baba. "Kwetu akina Stanslaus ni wengi, ukiita kanisani benchi zima linageuka. Unamwona yule wa Maputo anayeuza mikanda? Anaitwa Estanislau. Jina lilelile, yeye kalivisha kofia tu."

"Wewe na babu mlikaa nyumba moja?"

"Nyumba moja, tena nasikia kitanda kimoja."

"Na yeye yuko wapi?"

"Nani, babu? Alifariki sijaota hata jino. Mbona unanihoji kama polisi?"

Papa alikuwa akichagua zipu, hakusikia. Nilirudi nyumbani maji yamenifika shingoni. Nilijaribu kwa Mama jioni ileile, akiwa anamwogesha mtoto, nikamwambia abadilishe jina. Akaniuliza sababu. Sikuitaja. Kwetu mtoto akitaja kifo cha mkubwa, na mkubwa akaja kuugua, watu humtazama mtoto yule kwa jicho baya, na nilikuwa nimesikia maneno kanisani kuhusu watoto wa namna hiyo, kwamba ni wachawi. Nikasema tu silipendi.

"Unapenda Sipho ya papa yako?"

"Ndiyo."

"Basi ukizaa wako, muite Sipho," Mama akasema, akamfunika mtoto taulo.

Nilibaki na njia moja. Kama jina halibadiliki, basi paa lisiwafunike wawili. Mtoto alikuwa ndani tayari, mdogo, na baridi ya Johannesburg haina huruma kwa mtoto mchanga. Wa kubaki nje ni Nkambo. Nilipolifikia neno hilo nililia chini ya blanketi, kwa sababu nilimtaka aje. Nilikuwa nimewaambia wote shuleni kwamba anakuja. Lakini nilitaka aje akiwa hai na abaki hai, na kama wakubwa hawaoni hatari, mimi niliyeiona nitasimama.

Siku ya kufika kwake Papa alikwenda kumpokea kituo cha mabasi. Mama alikuwa ndani amesonga bukari, ugali wa kwao, amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki, nyumba inanukia hadi barabarani. Gari liliposimama nikatoka, nikasimama kwenye mlango wa duka, nikatanua miguu, nikashika miimo ya mlango huku na huku. Nikamwona akishuka. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alivaa koti la suti na viatu visivyofungwa kamba kwa ajili ya uvimbe, akatembea kwa kuhesabu mahali pa kukanyaga, na aliponiona uso wake wote ukafunguka.

"Mama!" akasema. "Mama yangu!"

"Huingii," nikamwambia.

Nilisema kwa Kiswahili. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno lile ili asije akasema hakuelewa.

Mama alikuwa amekuja nyuma yangu akifuta mikono. "Weye mutoto! Uko na wazimu? Toka mu mulango!" Akanishika bega. Nikang'ang'ania. Akavuta, nikang'ang'ania zaidi, mlango ukatikisika, na Papa aliyebeba begi akasimama pale kwenye lami hajui aweke wapi uso wake.

Nkambo akainua mkono. "Muache."

"Papa, ni adabu gani hii? Umetoka mbali, umechoka..."

"Muache, nasema. Nani alisema jina iko mutu? Si ni weye? Kila siku ku simu: Papa amezaliwa, Papa ananyonya, Papa amecheka. Bon. Kama ule ndani ni mimi, huyu hapa ni mama yangu. Mama akinifungia mulango, mi nakaa inje." Akamgeukia Papa. "Mukwe, nipatie kiti."

Mama hakuwa na pa kupita. Aliyelipigania jina kwa miezi yote ile hakuweza sasa kusema jina ni mchezo. Papa alikohoa kikohozi kirefu cha kuficha kicheko, akaleta kiti, akaleta na blanketi. Nkambo akakaa kwenye lami mbele ya duka, jua la baridi likimpiga magotini, wapita njia wakimsalimia, naye akiwainulia kofia kama mwenyeji wa mtaa.

Tulikaa hivyo. Mama akaleta chakula nje kwa hasira, sahani zikigongana. Nkambo akanawa, akala bukari yake, akamsifu mpishi. Mimi sikutoka mlangoni. Mama aliponiletea tonge nililishwa nimesimama, mikono ikiwa bado kwenye miimo, na nadhani hapo ndipo hasira yake ilipoanza kuwa woga. Mtoto anayekataa kushusha mikono hata kwa chakula ana jambo.

Jua likavuka upande wa pili wa barabara. Nkambo akawaambia wengine waende ndani, wapite chini ya mkono wangu. Papa alipita ameinama. Tukabaki wawili.

"Mama," akasema taratibu, "nimekosa nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia lote, Kiswahili changu kikijikwaa na Kiingereza kikiingia nilipokosa neno: mzee wa koti, bibi wa mpakani, kidole gumba kilichoonyesha juu, anko wa Newtown na kitanda kimoja. Nikamwambia sitaki asukumwe. Nikamwambia pia sitaki mtoto asukumwe, na kwamba yeye kama mkubwa achague pa kulala pengine, nitamletea chakula kila siku mimi mwenyewe.

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nilikuwa nimekiogopa kuliko kofi. Alisugua goti lake, akatazama magari yakipita.

"Ule muzungu hakudanganya," akasema mwishowe.

Nikakaza mikono kwenye miimo.

"Mi nitakufa, Mama. Miguu inaniambia kila asubui. Nilikuwa najua mbele ya kupanda basi, hata daktari wa kwetu anajua, njo maana alisema, enda kwa batoto bako. Lakini si mutoto ananiua. Uzee njo unaniua." Akavuta blanketi. "Sikia kile mi nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa nitoke mu hii dunia na nyuma yangu hakuna mutu. Mutu mwenye hakuna wa kumusukuma anaanguka yeye peke yake, kama nyumba yenye bantu balihama. Mi sikuya huku kwa dawa. Nilikuya huyu mutoto anisukume."

"Leo?"

"Hapana leo! Polepole. Ye mwenyewe hana nguvu, si unamuona? Acha akomae. Acha anisukume na mukono kadogo, mi naenda nikigeuka, namuangalia."

Nilianza kulia. Nilimuuliza kama itamuuma. Akasema hajui, hajawahi kufa. Akasema, "Lakini inje huku kuko baridi, Mama, na hii pia itaniua, tena bure."

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Niliishusha kwa shida, mmoja baada ya mwingine. Nkambo akainuka, akakunja blanketi vizuri, akaja hadi kizingitini, na hapo akasimama. Hakuingia. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Mama na Papa walikuwa wamesimama kati ya cherehani, Mama amempakata mtoto, macho yake mekundu. Walikuwa wamesikia.

"Ingia," nikamwambia.

"Asante, Mama," akasema, akavua kofia, akapita.

Alikaa nasi baridi ile, na joto lililofuata, na baridi nyingine ikabisha hodi. Madaktari walimpunguzia uvimbe, hawakumpa miguu mipya. Alikaa dukani kwenye kiti karibu na pasi, mtoto mapajani, akimwita "majina," ndivyo watu wa Lubumbashi wanavyomwita mwenye jina lao: "Majina yangu, amka. Majina yangu, acha kuvuta uzi." Mama akiita "Papa!" vichwa viwili viligeuka, kile cha mvi cha mzee na kile cha kipara cha mtoto, na wote wawili walionekana kudhani chakula kiko tayari. Papa naye hakushindwa kabisa. Barabarani alimwita mtoto Stan, jina lisilogeuza shingo ya mtu, na Mama akajifanya hasikii. Mimi nilichagua Stasiu, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitumia na nilitaka kuwa na langu. Kwa Nkambo nilijifunza kuongea. Kila siku baada ya shule nilimsimulia niliyoyaona, na nikiingiza Kiingereza alijifanya kiziwi mpaka nitafute neno.

Siku moja Bwana Stan alikuja na keki kubwa ndani ya sanduku. Siku ya jina lao ilikuwa imefika, akasema, na hakuwa na mtu mwingine mjini wa kuisherehekea naye. Wakakaa watatu, yeye, Nkambo na mtoto. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mzungu alijigonga kifua akasema jina lake, Nkambo akajigonga akasema lake, mtoto akajigonga tumbo, wakala keki. Nilimvuta yule mzee pembeni nikamuuliza kuhusu maneno ya bibi yake. Alikuwa ameyasahau. Nilipomkumbusha na kumweleza yaliyotokea mlangoni, uso ukamwiva, akasema, "Mtoto, nilikuwa natania." Nikamwambia asijali, Nkambo amekubali. Akarudi kwenye kiti chake akakaa muda mrefu ameshika sahani.

Nkambo alifariki mchana, kitandani, mtoto amelala miguuni pake. Hakuna aliyemsikia. Tulimzika huku, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, na watu wa kanisa walijaa hadi barabarani.

Mimi nilijua muda wote kwamba itakuwa. Nilikuwa nimeambiwa kizingitini na nikaridhia kwa kinywa changu. Kujua hakukunisaidia hata kidogo. Nilimkasirikia ndugu yangu. Alikuwa amenenepa, amepata nguvu, anajivuta kwa kushika ukuta, na kila hatua yake niliiona ni mkono uliomsukuma mzee wangu. Polepole, tulikuwa tumekubaliana polepole. Siku kadhaa sikumbeba. Akinijia nilimpisha, akilia nilimwita Mama aje amchukue. Mama aliona, akaniacha, kwa kuwa naye alikuwa na wake wa kumlilia.

Wageni walipokwisha kuondoka ikawa mara ya kwanza kupika kwa ajili yetu tu. Mama alisonga bukari, akapakua, akaweka sahani mezani, na bila kuinua kichwa, kwa mazoea, akaita kama alivyoita mwaka mzima.

"Papa! Kuya kula!"

Halafu akajisikia. Aliweka mkono mdomoni, mwiko ukaanguka. Papa wa cherehani akasimama nusu, hajui aende kwake au akae. Na kutoka chumbani, akishika kitanda, kisha mlango, kisha akiwa hana tena cha kushika, akatoka ndugu yangu, anatembea, kidevu juu, amekuja kula kwa kuwa ameitwa.

Mama alimtazama tu, machozi yakimchirizika juu ya vidole.

Mtoto alivuka chumba chote akafika kwenye kiti cha Nkambo, akakishika, akajaribu kupanda, akashindwa. Akajaribu tena. Akanigeukia mimi.

Nilikwenda. Nilimwinua, nikamkalisha, nikamkunjia vipande vya sufu vilivyobaki kwenye meza ya Papa nikamwekea chini apate urefu. Nikavuta sahani karibu, nikamega tonge dogo, nikalipuliza lipoe. Alinitazama na macho yale, mdomo wazi, anasubiri.

"Kula, mwanangu," nikamwambia.